Uswidi, Norwei, Denmaki au Ufini: daftari la mpwa wangu lenye safu nne

Mpwa wangu kamaliza kidato cha sita Tanga, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), kapata daraja la pili. Jumapili moja alinijia na daftari la kaunta, akasema shikamoo mjomba, na kabla sijaitikia vizuri alikwishalifungua mezani, karibu na sahani ya karanga. Kurasa mbili zilikuwa zimepigwa rula, safu nne. Juu ya kila safu kachora bendera kwa kalamu za rangi: msalaba ni ule ule uliolala, kinachobadilika ni rangi tu. Uswidi, Norwei, Denmaki, Ufini. Pembeni kaorodhesha pesa, baridi, lugha, kazi, kubaki. Na ndani ya safu zote nne ni vema, vema, vema.

"Utachaguaje sasa," nikamuuliza, "na zote zimepata mia kwa mia?"

"Ndiyo maana nimekuja, mjomba."

Mimi nilisoma Uppsala, Uswidi, miaka miwili kwa ufadhili, nikarudi. Niliosoma nao wengine walibaki hapo hapo, wengine wakaenda Oulu ya Ufini, Oslo ya Norwei na Aarhus ya Denmaki, na bado tunaongea. Nayaandika tuliyoyajaza siku ile kwa sababu najua wenye daftari kama lile ni wengi. Ila sheria za uhamiaji za huko zimekuwa zikikazwa mwaka hadi mwaka, kwa hiyo tarakimu yoyote utakayoiona hapa ihakikishe kwenye tovuti ya idara ya uhamiaji ya nchi husika siku ile ile unayoomba.

Halafu tuweke sawa jina. Mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mtoto anakwenda Uswisi. Uswisi ni kule kwa mabenki, saa na milima ya Alpi. Uswidi ndiyo Sweden. Herufi moja tu, lakini ukiipeleka bahasha kwenye ubalozi usio wake umepoteza nauli. Iceland, ya tano katika kundi hilo la nchi za Nordiki, mpwa wangu aliiacha nje, nami sikuirudisha: watu wake hawafiki laki nne, vyumba vya kupanga ni vya kugombania, na kozi zinazofundishwa kwa Kiingereza ni chache.

Mlango kwanza, nchi baadaye

Kosa la lile daftari lilikuwa swali lenyewe. Aliuliza nchi ipi nzuri. Zote nzuri, ukishakuwa ndani. Ufini imeshika nafasi ya kwanza kwenye ripoti ya dunia ya furaha kila mwaka kuanzia 2018 hadi 2025, na majirani zake huwa hawako mbali. Hiyo haimsaidii kitu aliyesimama nje. Aliye nje hutazama mlango upi haujatiwa komeo kwa mtu kama yeye.

Kwa kijana wa kwetu asiye na mzazi wala mwenza kule, milango ya kweli ni mitatu: shahada ya kwanza kwa kujilipia, uzamili kwa ufadhili, na uzamivu wa kulipwa mshahara. Kazi ya moja kwa moja kutoka hapa ipo kwa mtaalamu mwenye uzoefu, hasa wa programu za kompyuta na uhandisi. Aliyemaliza kidato cha sita asidanganywe. Uswidi yenyewe Novemba 2023 ilianza kudai mshahara wa kazi unayoitiwa ufike asilimia 80 ya mshahara wa kati wa nchi nzima, na kwa kazi za usafi na mgahawa ni wachache wanaofika hapo.

Mlango wa nne aliuandika yeye mwenyewe kwa penseli pembeni: "elimu bure". Niliufuta mbele yake. Denmaki ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2006, Uswidi 2011, Ufini 2017, na Norwei, iliyokuwa imebaki peke yake, ikafuata 2023. Video ya mtandaoni alikolitoa neno hilo tuliiangalia tarehe: ilirekodiwa 2019, na mzungumzaji alikuwa anasema kweli ya wakati wake.

Pesa ya kuonyesha

Hapa tulikaa muda mrefu kuliko kwingine kote, maana ndoto nyingi hufia hapa huku mwenyewe akidhani zimefia kwenye matokeo.

Ada ni jambo moja. Ufini nyingi ziko kati ya euro 8,000 na 18,000 kwa mwaka. Uswidi kozi za sayansi ya jamii huanzia kama krona 80,000, za sayansi na uhandisi hufika 140,000 na zaidi. Denmaki hazitofautiani sana na za Ufini. Norwei ilipoanza kutoza ilitoza kwelikweli: kozi nyingi zilianzia juu ya krona 130,000, na zile za maabara zilipanda mara mbili ya hapo au zaidi.

Jambo la pili ni pesa ya kujikimu, ambayo idara ya uhamiaji inataka kuiona benki kabla ya kukupa kibali. Ufini ni euro 800 kwa mwezi tangu Novemba 2024; kabla ya hapo ilikuwa 560. Kwa mwaka ni euro 9,600, inayokaribia shilingi milioni 28 kutegemea bei ya siku. Uswidi ni zaidi ya krona 10,000 kwa kila mwezi wa masomo, na kiwango hupandishwa mara kwa mara. Norwei ni zaidi ya krona 150,000 kwa mwaka wa masomo, ndiyo ghali kuliko hizo nyingine.

"Baba anayo akaunti," mpwa akasema. Ndiyo, lakini Uswidi wanataka pesa iwe kwenye akaunti yenye jina la mwombaji mwenyewe. Ya baba ni ya baba. Na hapa mjini wapo wanaokodisha pesa: wanakuwekea milioni 30 kwa wiki tatu, unachapisha taarifa ya benki, wanazitoa na riba juu. Ofisa anayekagua naye ana macho. Akaunti iliyolala miezi 10 ikaamka ghafla kwa kishindo inaulizwa maswali. Tuseme umepita. Utafika Tampere mwezi wa Agosti na euro 200 mfukoni, kodi ya chumba inadaiwa, godoro hujanunua, na kazi hujapata kwa sababu hujui kuomba kazi kwa Kifini. Ile pesa kazi yake ni kukulisha mwaka mzima, na wale walioiweka kiwango wanajua bei ya mkate.

Na usilipe kupitia mkono wa mtu. Kenya bado wanalikumbuka sakata la Uasin Gishu, wazazi walipolipa ada za vyuo vya Ufini kupitia mfuko wa kaunti. Kufikia 2023 walikuwa barabarani wakidai pesa zao, na watoto wengi wako nyumbani. Ule ulikuwa mpango wenye muhuri wa serikali ya kaunti, sembuse wakala mwenye meza moja na bango la ndege. Chuo halisi hukutumia namba ya malipo yake chenyewe.

Ufini na Uswidi, ndilo pambano lenyewe

Kwa aliyemaliza kidato cha sita, kusema kweli, hizi ndizo mbili za kulinganisha.

Ufini ina vyuo wanavyoviita ammattikorkeakoulu, vya taaluma za vitendo, na huko shahada za kwanza za Kiingereza ni nyingi: uuguzi, biashara, uhandisi, utalii. Tampere, Jyväskylä, Oulu, Lahti, vyote vinavyo. Maombi ya pamoja hufunguliwa Januari kwa wiki mbili hivi, unachagua kozi hadi sita kwa mkupuo, na tangu maombi ya kuanza 2025 kuna ada ya euro 100 kwa watu wa nje ya Ulaya. Unafanya mtihani wa kuingia kwa mtandao ukiwa kwenu. Kwa Mtanzania cheti kinachohesabiwa ni cha kidato cha sita. Cha nne peke yake hakitoshi. Ukikubaliwa, kibali cha kuishi hutolewa kwa muda wote wa masomo badala ya kuhangaika nacho kila mwaka, na ukihitimu unaweza kuomba miaka 2 ya kutafuta kazi. Kwenye karatasi inavutia sana.

Uswidi shahada za kwanza za Kiingereza ni za kuokota moja moja. Nguvu yake iko kwenye uzamili. Tovuti ni moja, universityadmissions.se, tarehe ya mwisho kwa muhula wa Agosti ni katikati ya Januari, unalipa krona 900 mara moja na kupanga kozi hadi nne za uzamili kwa mpangilio wa unavyozipenda. Halafu, mwezi wa Februari, kuna ufadhili wa Taasisi ya Uswidi kwa watu waliokwisha kufanya kazi: unalipa ada yote, posho ya mwezi na nauli. Tanzania, Kenya na Uganda zimekuwamo kwenye orodha ya nchi zake katika miaka ya karibuni. Orodha hupitiwa upya, itazame. Wanadai saa 3,000 za kazi zenye ushahidi. Hapo mpwa wangu aliniangalia kama nimemnyang'anya karanga.

"Sasa mimi saa 3,000 nitazitoa wapi?"

Kazini. Mwaka mmoja na nusu wa ajira ya kawaida unazimaliza. Ufadhili ule unamtafuta mtu aliyeanza kuongoza jambo nchini kwake, awe bwana shamba wa wilaya au mhasibu wa ushirika. Kijana aliyetoka shule jana hawamtazami.

Kwa hiyo Ufini inamwambia: njoo sasa, na pesa zako. Uswidi inamwambia: njoo baadaye, na pesa zetu. Baba yake ni mwalimu, mama anauza vitenge. Nilimwachia afanye hesabu mwenyewe kwenye ukurasa wa nyuma, na alipofika kwenye jumla ya mwaka wa kwanza, ada na kujikimu, aliiandika mara mbili akidhani kakosea sifuri.

Kuna jambo jingine la Ufini lisilosemwa kwenye matangazo ya uuguzi. Kozi ni ya Kiingereza, wodi ni ya Kifini. Bibi wa miaka 90 pale Seinäjoki hatakueleza kwa Kiingereza wapi panamuuma. Mwenzangu wa Oulu anaifahamu hadithi hii kwa kuwaona: vijana wanamaliza shahada wakiwa na alama nzuri, Kifini chao kinaishia dukani, wanapeleka mifuko ya chakula kwa baiskeli katika theluji huku cheti kikiwa ukutani. Na ajira zenyewe zimebana. Ufini na Uswidi zote zimekuwa na ukosefu wa kazi mkubwa miaka hii kuliko Norwei.

Norwei na Denmaki, kwa kifupi

Norwei mlango wake mzuri ni uzamivu. Kule mwanafunzi wa uzamivu ni mwajiriwa: nafasi hutangazwa kama kazi, kwenye tovuti ya Jobbnorge, haina ada, na mshahara ni zaidi ya krona nusu milioni kwa mwaka kabla ya kodi, kwa miaka 3 au 4. Uswidi na Denmaki nazo zina mtindo huo huo. Ni kitu ambacho vijana wetu wengi hawakijui. Wanahangaika kutafuta ufadhili wa uzamivu wakati wenzao wanaandika barua ya kuomba kazi. Tena Norwei ina uzi mrefu na kwetu. Hospitali ya Haydom kule Mbulu ilianzishwa na Wanorwei mwaka 1955, na chuo cha Sokoine Morogoro kimefanya kazi na chuo kikuu cha kilimo cha Ås kwa miongo kadhaa. Ukisoma Sokoine unaweza kukutana na msimamizi wako wa baadaye akiwa amevaa kofia ya jua, anapima udongo.

Shahada ya kwanza Norwei kwa mtu wetu? Iache. Kozi za Kiingereza ni haba, ada ni kubwa, pesa ya kuonyesha ni kubwa zaidi, na vyuo vingi hufunga maombi mwezi Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kabla wengi hawajaanza hata kuulizia.

Denmaki niliifuta kabisa kwenye safu za kijana huyu, na sikuona haya. Mwaka 2021 serikali yao iliamua kupunguza nafasi za kozi za Kiingereza, ufadhili ni mdogo, chumba Copenhagen ni cha kusakwa kama maji ya Agosti, na siasa yao ya uhamiaji ndiyo iliyotangulia kukaza wakati wenzao bado wamelegeza. Raha yake iko kwa aliyekwisha ingia: baiskeli mpaka kazini, baridi isiyo kali sana, na kadi ya njano ya matibabu inayokupa daktari wako. Anayefaa Denmaki ni mtaalamu aliyeitwa kazini kwa barua.

Kaka ni biskuti

Mstari wa lugha mpwa wangu alikuwa kaandika "Kiingereza wanajua" kwa zote nne. Kweli wanajua. Watakujibu kwa Kiingereza safi kwenye duka, kwenye basi, benki. Halafu mkutano wa kazi unaanza na wote wanageukia lugha yao, na wewe unabaki kutabasamu.

Kiswidi, Kinorwei na Kidenmaki ni ndugu wa tumbo moja. Ukikijua Kiswidi unaweza kusoma gazeti la Oslo kwa kukisia kidogo. Kinorwei nacho kina maandishi rasmi ya namna mbili, Bokmål na Nynorsk, na lahaja kila bonde; mtu wa Bergen na wa Tromsø kila mmoja anaona chake ndicho. Kidenmaki kwenye karatasi unakitambua, kikitoka mdomoni nusu kimemezwa. Hata kuhesabu kwao kuna kazi: hamsini wanaita halvtreds, neno lililotokana na kusema "nusu ya tatu mara ishirini", yaani mbili na nusu mara ishirini. Mtoto wa PCB alifurahi, akaipiga hesabu hapo hapo. Uswidi ina faida ya masomo ya bure ya lugha kwa wahamiaji waliosajiliwa na kupata namba ya utambulisho, ile yenye tarakimu kumi na kitu ambayo bila hiyo huwezi hata kupata kadi ya maktaba kwa urahisi.

Kifini si ndugu wa hao hata kidogo, na kila mtu atakutisha nacho. Kina hali za nomino kama 15. Lakini mimi nasema Mswahili ana siri yake hapo. Talo ni nyumba; talossa ni nyumbani; talossani ni nyumbani mwangu; talossanikin ni nyumbani mwangu pia. Neno linafungwa vipande vipande mpaka linakuwa sentensi, kama sisi na "hatukukutembelea", ila sisi vipande vingi tunavipanga mbele, wao nyuma. Kinasomwa kama kilivyoandikwa. Maneno mengi yanaishia irabu. Yeye ni hän, awe mwanamume au mwanamke, na Mwingereza ndiye anayeona ajabu. Sana kwao ni neno, kana ni kuku, kala ni samaki. Sikwambii ni rahisi. Nakwambia masikio yako hayataanzia sifuri kama ya Mjerumani.

Jihadhari na kaka tu. Ukimwita mwenzako kaka ukiwa Uswidi, umemwita keki au biskuti. Ufini, ukivuta hiyo k ya katikati kidogo, umetaja kile watoto wadogo wanachokwenda kukifanya msalani.

Giza lina saa zake

"Baridi nimeizoea, nimekaa Lushoto," mpwa akasema. Usiku wa Julai Lushoto ni siku ya kawaida ya Mei kule Oulu, watu wamevua makoti. Lakini baridi inanunuliwa dawa: koti, buti, soksi za sufu, na ndani ya nyumba ni joto kuliko Njombe. Tena viatu unavua mlangoni kama kwetu, hilo hutafundishwa.

Giza ndilo lisilonunuliwa dawa. Copenhagen siku fupi kuliko zote ina mwanga wa saa 7 hivi. Helsinki, Oslo na Stockholm ni kama 6. Oulu ni kama tatu na nusu. Tromsø jua halichomozi kabisa toka mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari. Novemba yangu ya kwanza Uppsala nililala baada ya kipindi, nikaamka nje kweusi tititi, saa inasema kumi. Nikajua ni alfajiri. Nikavaa, nikaenda jiko la pamoja kuchemsha chai niwahi darasani. Nikamkuta jirani anakaanga vitunguu vya chakula cha jioni. Akanitazama na begi langu mgongoni, hakusema kitu. Waswidi hawakuulizi. Kule Flogsta nilikokaa, saa nne usiku wanafunzi hufungua madirisha ya maghorofa na kupiga kelele za pamoja kwa dakika chache, kisha wanafunga na kurudi kimya kwenye vitabu. Mwezi wa kwanza niliwaona wendawazimu. Desemba nilikuwa nafungua dirisha langu.

Kwa anayefunga, mahesabu yanageuka na mwaka. Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni, na Uppsala mfungo ulipita saa 18. Kule juu jua lisikozama wengine walifuata saa za Makka. Sasa mwezi unarudi nyuma kuelekea majira ya baridi, na mwaka 2030 utaingia mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Atakayekuwepo wakati huo atafuturu kabla ya wenzake wa Tanga.

Kibarua, halafu kubaki

Mwanafunzi wa Ufini anaruhusiwa kufanya kazi wastani wa saa 30 kwa wiki, Norwei na Denmaki ni kama 20, Uswidi kwa miaka mingi haikuweka kikomo. Usiipigie hesabu ya ada hiyo pesa. Itakulipia chumba na chakula ukiipata, na kuipata kunaweza kuchukua miezi sita. Kima cha chini cha mshahara kisheria hakuna hata moja kati ya hizo nne. Vyama vya wafanyakazi ndivyo vinavyopatana na waajiri, kwa hiyo uliza kazi yako iko chini ya mkataba upi wa pamoja kabla hujashika fagio. Vipo vibarua vya pembeni vinavyolipa nusu, na wenyewe wanajua nani mgeni.

Kuhusu kubaki, tofauti zinapungua. Ufini tangu Oktoba 2024 imetoka miaka 5 hadi 8 ya kuishi kabla ya kuomba uraia. Norwei kwa kawaida ni 8, Denmaki 9, na Uswidi, iliyokuwa 5, imeamua kuwafuata. Wote wanne wanakuruhusu ubaki na uraia wako wa kwanza. Mkenya atafurahi, katiba yake ya 2010 inamruhusu kuwa na miwili. Mtanzania mtu mzima haruhusiwi. Siku anayoapa kule, pasipoti ya hapa anairudisha. Mpwa wangu hili hakulijua, na ndilo pekee lililomnyamazisha kwa muda.

Safu zilivyobaki

Jioni ile alifuta vema zote kwa ufutio mpaka karatasi ikatoboka kwenye Denmaki. Ufini akaandika: "Januari, kama baba atauza kiwanja, hapana." Neno hapana aliliandika mwenyewe, sikumwambia. Uswidi akaandika: "digrii kwanza, kazi miaka 2, saa 3,000." Chini yake nikamwongezea shahada za pamoja za Erasmus Mundus, ambazo nyingine hupita vyuo vya Nordiki na hulipa euro 1,400 kwa mwezi bila kudai uwe na uzoefu wa kazi. Norwei: "uzamivu, Ås."

Ungekuwa mtoto wa mtu mwenye pesa ya miaka miwili mkononi, pesa yake kweli, na uko tayari kukaa na Kifini kila jioni tangu mwezi wa kwanza, ningekwambia Ufini bila kupepesa macho. Kama huna, Uswidi kwa uzamili, na foleni yake ianzie hapa hapa kwenye fomu ya Bodi ya Mikopo na chuo cha nyumbani. Yeye kajaza Sokoine, sayansi ya misitu.

Usiku mama yake akanipigia simu. Anataka kujua huko Uswisi mtoto anunuliwe koti la namna gani, maana Jumatano kuna mnada wa mitumba na ya sufu huwa yanawahiwa. Nikamwambia anunue mwavuli kwanza. Mtoto anakwenda Morogoro.